"Rangi ya Risasi" na Mpangaji

Mfasiri akitakiwa kuwatahadharisha wapangaji juu ya sumu iliyomo katika kuta za nyumba za zamani, upesi huandika "rangi ya risasi". Istilahi hii haitufai. Rangi kwetu ni ile ipakwayo ukutani, na pia ni wekundu, weusi au ukijivu wa kitu. Risasi nayo, tuliyoipata kutoka Kiarabu, ni madini. Lakini wengi huisikia kwanza kuwa ni ile itokayo katika bunduki. Mpangaji aweza kudhani ameambiwa kwamba kuta zake ni za kijivu.

Si mzaha. Nchini Marekani rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na sheria ya mwaka 1992 humtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya hapo amweleze mpangaji, kabla ya kutiliana sahihi, yale ayajuayo juu yake. Miongoni mwa wapangaji wa huko wamo Waswahili waliotoka Kongo. Karatasi yaweza kutiwa sahihi, sheria ikatimizwa, na mama asijue kwa nini mwanawe asiokote magamba ya rangi dirishani, ilhali sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto. Twapendekeza "rangi yenye madini ya risasi". Ni ndefu, lakini haina utata.

Kitenzi kina hatari zaidi. Ukimwambia mtu "ondoa rangi inayobambuka", atashika msasa. Kukwangua rangi kavu hutimua vumbi, na vumbi ndilo limezwalo na mtoto atambaaye. Heri iandikwe waziwazi: "usikwangue, mwite fundi aliyefunzwa kazi hii".

Neno asbesto hatuna ugomvi nalo. Twagombana na "mabati ya asbesto", yasemwayo hata huku kwetu Afrika Mashariki, ambako mapaa ya namna hiyo yangaliko. Bati ni la chuma. Hukatwa na kutobolewa bila hofu. Asbesto ni nyuzinyuzi za jiwe, na katika mapaa hayo zimeshikanishwa kwa saruji. Paa likikatwa au kuvunjwa, nyuzi hupeperuka zikaingia mapafuni, na saratani huweza kuzuka baada ya miaka mingi. Twaona "vigae vya asbesto" ni afadhali, maana kila mtu ajua kigae huvunjika. Watakaopinga kwamba kigae ni cha udongo wana haki. Watuletee lililo bora.