Sauti ya Ndani

Kurekodi skrini ya kompyuta pamoja na sauti ya ndani ni kuichukua picha inayotembea kwenye kioo, na mlio wa programu inayoichezesha, vyote vikiwa bado ndani ya mashine. Sauti haipiti kwenye spika wala hewani. Haikutani na feni, mvua ya mabati, honi ya bodaboda wala muuza kahawa anayegonga vikombe vyake dirishani. Huko Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale, mitaa ya Dar es Salaam ambako chumba cha kulala mara nyingi ndicho studio na ukuta mmoja unagawanywa na jirani, hilo si jambo dogo. Mtaa wenye kelele unaweza kutoa kazi safi, mradi fundi ajue sauti ipi aipitishe ndani na ipi aiingize kwa maiki.

Wanaoujua ufundi huu kwa undani ni watafsiri wa muvi, wale wanaoweka Kiswahili chao juu ya filamu ya Hong Kong, Mumbai au Hollywood ili itazamwe kwenye kibanda umiza. Kazi yao ina umri mkubwa kuliko kompyuta zao. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, na katika miaka hiyo ya kusubiri mkanda wa video ndio uliokuwa sinema ya uswahilini. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo wengi wa watazamaji hawakuzisikia vizuri, hivyo kukahitajika mtu wa kuzisimulia. Dar es Salaam jina lililovuma kuliko yote ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Alimpa kila mhusika sauti, akaeleza mila za watu wa mbali, akatania panapotanika. Titanic ya 1997 aliisimulia kwa Kiswahili, na usimulizi huo umeandikiwa hata na wanazuoni wa Ulaya.

Vifaa vya enzi ile vilikuwa deki mbili, televisheni, miksa na maiki. Deki ya kwanza ilicheza mkanda, ya pili ikarekodi. Picha ilikwenda moja kwa moja kwa waya, na sauti ya filamu ikapita kwenye miksa ikutane na ya msimulizi. Njia ya ndani ilikuwepo tangu hapo, ila ilionekana kwa macho. Mtu aliweza kuufuata waya kwa kidole na kusema sauti inapita hapa.

Siri ya kazi ilikuwa kwenye mkono uliokaa juu ya miksa. Msimulizi aliishusha sauti ya filamu nusu pumzi kabla ya kufungua mdomo, si baada, kwa sababu neno la kwanza likimezwa na muziki sentensi nzima imepotea. Akimaliza, hakuirudisha kwa kishindo. Aliipandisha polepole, ili mtazamaji asihisi kwamba mlango ulifungwa na kufunguliwa. Zaidi ya hapo alijua pa kunyamaza. Ngumi za Bruce Lee hazihitaji mkalimani. Mwigizaji wa Kihindi anapoanza kuimba, msimulizi mwenye adabu huuacha wimbo uimbwe, kisha akasema kwa maneno machache yule dada alikuwa analilia nini. Hayo yote yalifanyika mara moja, bila kurudi nyuma. Kukosea dakika ya tisini kulimaanisha kurudisha mkanda na kutafuta pa kuungia, au kuuacha ubaki na kosa lake. Kwa hiyo filamu ilitazamwa kwanza hadi mwisho, na zaidi ya mara moja, kabla maiki haijawashwa.

Mkanda ulikuwa na udhaifu wake: sauti mbili zikishachanganywa, hazitenganishwi tena. Uganda, ambako wasimulizi huitwa ma-VJ, kuna mfano mashuhuri wa jambo hilo. Filamu ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga pembeni mwa Kampala, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Nakala isiyo na usimulizi haipo tena. Ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki ni ule mchanganyiko. Wanaoupenda ni wengi, lakini hakuna wa kuurudisha nyuma.

Kompyuta ilikuja na dawa ya udhaifu huo. Kwenye Windows, tangu toleo la Vista la 2007, mfumo wenyewe unaruhusu programu kuchota sauti inayoelekea kwenye spika kabla haijafika. OBS Studio, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza 2012, inaitumia njia hiyo, na huiweka sauti katika mistari hadi sita inayojitegemea. Filamu ikae mstari wake, maiki mstari wake. Kompyuta za Apple zilikaa miaka mingi bila mlango wa namna hii. Mafundi walijiunganishia waya wa kufikirika kwa programu kama Soundflower na baadaye BlackHole, mpaka macOS 13 ilipoufungua mwaka 2022.

Mlango kuwepo hakumfanyi kila apitaye kuwa fundi. Msimulizi lazima avae hedifoni, tena za waya. Asipovaa, spika itaimwagia maiki sauti ileile ambayo tayari imechukuliwa ndani, na filamu itasikika ikijirudia kama inasemwa ndani ya pipa. Akivaa za Bluetooth, zitamchelewesha: midomo inafunga, yeye ndiyo kwanza anasikia neno. Na kwa kuwa sauti ya ndani ikichukuliwa ya mfumo mzima haichagui, kila mlio wa kompyuta unaingia. Zipo muvi zinazozunguka mitaani ambamo mfalme anakata roho huku WhatsApp ikiita. Kuzima arifa ni kazi ya sekunde chache, na kutoizima ni kumdharau aliyelipa kiingilio.

Vipimo navyo vina hesabu yake. Sauti ya video hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na kifaa cha filamu na cha maiki vyote viwekwe hapo. Hata hivyo kila kifaa kina saa yake ndani. Saa hizo zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya saa mbili msimulizi atakuwa amepishana na picha kwa zaidi ya theluthi ya sekunde, kiasi cha kumfanya marehemu aseme neno lake la mwisho akiwa ameshaanguka. Wajuzi hurekodi vipande vifupi, au hupima mwanzo na mwisho kisha wakarekebisha. Picha 30 kwa sekunde zinatosha kwa kazi nyingi, ingawa filamu ya sinema ina 24 na ni afadhali ibaki nazo.

Kisha kuna umeme. Faili la kawaida la MP4 likikatizwa kabla halijafungwa huwa halifunguki, na saa nzima ya usimulizi inapotea. Faili la MKV huhifadhi kilichokwisha kuandikwa hadi sekunde ya giza. Fundi wa Mbagala anarekodi kwa MKV na kugeuza kuwa MP4 baadaye. Kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 2.7, hivyo nafasi itazamwe kwanza.

Kazi ya ule mkono wa miksa leo imepewa programu. Kuna kichujio kinachoshusha sauti ya filamu chenyewe kila maiki inapopata neno. Kinafanya kazi, lakini hakina pumzi: hushusha baada ya neno kuanza, na hushusha vilevile kwa kikohozi. Hakijui kwamba kilio cha mama kinastahili kuachwa juu na kwamba mlio wa gari unaweza kuzama. Mwenye mistari miwili angeweza kuyapanga hayo baadaye kwa utulivu ambao wazee wa deki hawakuupata, akishusha hapa na kupandisha pale. Wachache wanafanya hivyo. Sizoni ina vipande vingi, mteja wa maktaba ya muvi anasubiri na flashi yake, na atakayemaliza kwanza ndiye atakayeuza. Matokeo yake ni usimulizi usiopumzika, unaopiga kelele juu ya ngumi, juu ya wimbo na juu ya kimya.

Simu zimeufanya uzembe uwe rahisi zaidi. Kabla ya Android 10 ya mwaka 2019, programu za kurekodi skrini ya simu zilitegemea maiki, na sauti ya chumba ikaingia yote. Sasa njia ya ndani ipo kwa programu zinazoiruhusu, lakini bado mtu anaelekeza simu moja kwenye kioo cha nyingine, kivuli cha mkono wake kikiwa ndani ya picha.

Si kila kinachoonekana kinarekodika. Majukwaa kama Netflix hufunga picha zake, na rekodi hutoka nyeusi yenye sauti tu au bila chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuidhinisha tafsiri, na watafsiri wengi wameishi nje ya uzio huo tangu siku za mikanda. Mafunzo ya kompyuta, masomo ya shule na filamu ambazo wenyewe wametoa ruhusa zinarekodiwa kwa njia zilezile bila wasiwasi.

Mikanda yenyewe inaisha. Joto na unyevu wa pwani huiotesha ukungu, deki hazitengenezwi tena, na mingi ilirekodiwa juu yake mara nyingine. Ule uliosalia unaweza kuingizwa kwenye kompyuta kwa kifaa kidogo cha kuunganisha deki na USB, kisha ukarekodiwa katika OBS ileile, picha na sauti kwa waya. Ukungu usafishwe kwanza, maana unaharibu kichwa cha deki, na mkanda uchezwe mara chache iwezekanavyo, kwa kuwa kila kuchezwa kunaukwangua. Nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, na mikwaruzo yake, kabla ya yeyote kujaribu kuisafisha sauti ya msimulizi.