Liyongo hakukosa nguvu, alikosa rafiki



Tukimtaja Fumo Liyongo katika mazungumzo yetu hapa Stockholm, tunasifu upinde wake, kimo chake na minyororo aliyoikata. Hata utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 tumezoea kuusoma kama habari za shujaa asiyeshindwa ila kwa hila. Mimi ni mhandisi. Chombo kikivunjika siulizi kilikuwa na nguvu kiasi gani, nauliza kilikatikia wapi. Kwa maoni yangu, Liyongo hakukatikia kitovuni. Alikatikia kwenye urafiki.

Tazama wenzake. Walimwalika katika kikoa cha kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, kumbe wamekubaliana kumpiga mishale akiwa juu. Liyongo aliangusha makoma kwa mishale akiwa chini, akaokoka. Lakini tangu hapo alijua kwamba anaokula nao si wenzake.

Baadaye akaja mwanawe, ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme wa Pate, akamwuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo alimshuku, hata akamwonya kuwa waliomtuma watamhadaa. Hata hivyo akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Husemwa kuwa ni mapenzi ya baba, au ni kudura. Mimi naona pia uchovu wa mtu aliyebeba mauti yake peke yake, hana wa kumwambia.

Mlinganishe na Gilgamesh, mfalme wa Uruk, katika Iraki ya leo, ambaye habari zake ziliandikwa kwenye vibao vya udongo. Naye alikuwa jabari, lakini alikuwa na Enkidu. Enkidu alipofariki, Gilgamesh alikaa na maiti siku 6 na usiku 7, na hapo ndipo alipotambua kuwa naye atakufa. Akazunguka dunia kutafuta uzima, akaukosa, akarudi kwao kuzitazama kuta za mji wake kwa macho mapya. Kifo cha rafiki kilimfunza kuishi. Maiti ya Liyongo ilibaki imepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wakaogopa kusogea hata kuteka maji. Mmoja alikaliwa kwa mapenzi, mwingine aliepukwa kwa hofu.

Hata hivyo rafiki alikuwapo. Saada, kijakazi, ndiye aliyepeleka ujumbe wa mafumbo kutoka gerezani hadi kwa mama yake Liyongo, akarudi na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, mkate ambao walinzi waliudharau. Bila yeye hakuna minyororo iliyokatwa. Lakini akishatoka gerezani shujaa, Saada hatumwoni tena. Huo ndio upungufu wa utendi, na wetu sisi tunaousoma.

Maana nasi ugenini tuko hivyo. Tunakutana harusini, tunatajiana vyeo na nyumba tulizojenga nyumbani. Ugonjwa wa mwenzetu tunaupata siku ya kuchangishana fedha za kusafirisha maiti. Tunamzunguka akiwa amekwisha kupiga goti.

Basi kabla hujajisifu kwa upinde wako, jiulize ni nani anayekuletea mkate wa wishwa, na mara ya mwisho ulimpigia simu lini.