Chuma kilichopoa: neno juu ya sanaa ya wahunzi

Ukishuka kutoka uwanja wa ndege wa Rughenda, hapa Butembo, ukinyamaza kidogo utasikia sauti mbili za chuma. Moja ni ya mashine za kuchomelea milango ya maduka. Inalia kama mafuta katika kikaango. Ya pili ni ya nyundo, na hiyo siku hizi ni sherti uitafute. Sisi tuliitafuta. Tulimkuta mzee mmoja chini ya mabati, makaa mbele yake, mjukuu wake akivuta mivukuto, na resori ya kamio ya zamani ikigeuka polepole kuwa mundu. Tulidhani tutakaa nusu saa; tukakaa mpaka jua likatua. Watoto wa shule walikuwa wamesimama pale pale, wala hakuna aliyewaita.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu tunataka kusema neno juu ya kitabu kinene chenye picha nyingi, Striking Iron, kilichotolewa pamoja na maonyesho ya kazi za wahunzi wa Afrika. Maonyesho hayo yalifunguliwa Los Angeles mwaka 2018, yakapelekwa Washington mwaka 2019, kiisha Paris, ambako yalikwisha mwaka 2020. Vitu vilivyokusanywa vilizidi 200. Tom Joyce, aliyeongoza kazi hiyo, ni mhunzi mwenyewe, na mtu aliyekwisha kuungua vidole haangalii kisu kama mwuza vitu vya kale. Majembe, silaha, fedha za chuma na vyombo vya muziki vimewekwa pamoja, wala hakuna kilichotupwa pembeni kwa kuwa ni cha shamba. Ni haki. Mzee wa Rughenda naye hana nyundo moja ya kazi na nyingine ya uzuri.

Sisi Wakongo tumepata sifa zetu humo, nazo si za jana. Mwaka 1870 Mjerumani Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, akaistaajabia minyororo yao ya chuma hata akailinganisha na iliyo bora ya Ulaya. Katika bonde la Upemba, Katanga, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita pamoja na fuawe na shoka la heshima. Na huko Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofunguliwa mwaka 1969, zilionekana humo nyundo za chuma.

Hapo tunamkumbuka Yoshua bin Sira. Katika sura ya 38 anamwonyesha mhunzi kwa ginsi nzuri kabisa: joto la tanuru linamla mwili, mlio wa nyundo unamziba masikio, macho hayatoki kwenye mfano wa kazi. Lakini kiisha anasema watu wa namna hiyo hawaitwi katika baraza. Wazee wetu walijua mambo mengine. Walimlaza mkubwa wao kaburini pamoja na nyundo, kana kwamba kutawala na kufua ni kazi za ukoo mmoja.

Tuna manunguniko mawili juu ya kitabu. La kwanza: katika picha kila kitu kimepoa. Uzuri wa uhunzi haumo katika umbo tu. Umo katika muda mfupi ule chuma kinapotoka motoni, chekundu, kinataka kuwa cheupe, na fundi ana mapigo machache kabla hakijakataa. Anayechomelea huunganisha kipande na kipande. Mhunzi haongezi kitu: hutafuta umbo ndani ya chuma kile kile, akikipunguza hapa na kukinenepesha pale, kiisha hukitumbukiza majini ili makali yapate ugumu. Akikosea rangi ya moto, mundu utavunjika shambani mwezi ujao. Ni hatari hiyo, tunadhani, iliyowasimamisha wale watoto.

La pili si kosa la waandishi wenyewe. Vitu vingi vya kale vilivyopelekwa ngambo vimeandikwa jina la kabila, na pengine la Mzungu aliyevichukua. Jina la aliyevifua halikuulizwa.

Lakini tusiwacheke wale. Katika parokia moja tuliyoitumikia, fundi wa pale alileta vinara viwili vya altare alivyofua kwa mkono, vyeusi, vimesokotwa kama mti wa mzabibu. Kamati, nasi tukiwa ndani yake, ilisema ni vya kijijini. Tulinunua vya dukani, vya rangi ya dhahabu. Baada ya miaka mitatu rangi ilibambuka. Hatukumbuki jina la fundi yule. Tumelitafuta katika daftari ya parokia: bei ya vinara vya dukani imeandikwa, yeye hakuandikwa.

Jioni ile Rughenda tulimwuliza mzee kama angeweza kufua msalaba wa kapela. Alitutazama, akatazama viatu vyetu vilivyojaa majivu, akasema: « Padri, leteni resori mbili. Za kamio kubwa, si za taxi. » Tumekwisha kupata moja.