Shogi Hupimwa Upande wa Mnyama

Katika Soko la Matrah, Oman, ukishapita maduka ya ubani na ya vyombo vya fedha, vichochoro huzidi kuwa vyembamba na bidhaa hupanda hadi darini. Huko ndiko yanakotundikwa mashogi, mifuko miwili iliyoungana kwa pande moja la kitambaa cha kufumwa, ya kulazwa mgongoni mwa punda, farasi au ngamia. Watu wa hapa huliita shogi khurj. Mnunuzi mgeni huvutwa na vishada, nakshi na kauri zilizoshonewa pembeni. Mwenye safari ya kweli huomba lishushwe, hulipindua, na huanza kazi yake pale pasipo na nakshi hata moja. Hapo ndipo patakapogusana na mnyama, na mnyama akichubuka safari imekwisha.

Safari ninayoizungumzia ni ya siku kadhaa katika milima ya Hajar, kwa miguu na punda, kulala nje, kubeba kila kitu. Zamani ilikuwa safari ya uwindaji. Wanaume wa vijijini walipanda na bunduki, tende na kiriba cha maji kumfuata tahri, mnyama wa jamii ya mbuzi asiyepatikana popote duniani isipokuwa kwenye milima hii, Oman na upande wa Emirati. Huko chini, katika jangwa la Jiddat al-Harasis, waliwindwa swala na choroa weupe. Choroa wa mwisho wa mwituni aliuawa huko mwaka 1972, na ilichukua hadi 1982 kuwarudisha wengine waliozaliwa kwenye hifadhi za nje. Leo sheria ya hifadhi na wanyamapori, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya 2003, inawalinda wote, na tunapanda na darubini. Nafurahi sana kwamba ni hivyo. Lakini mzigo wa mwindaji bado ndio kipimo changu, maana mwindaji alitaka mzigo mwepesi, usiopiga kelele, unaoweza kufunguliwa gizani kwa kupapasa.

Anza na uzi. Shogi la mlimani hufumwa kwa manyoya ya mbuzi, peke yake au pamoja na sufu ya kondoo. Manyoya ya mbuzi ni marefu na magumu, hayalowi upesi, na yakilowa huvimba yakaziba matundu ya kitambaa. Ndiyo maana mabedui hufumia mahema yao. Sufu ni laini na hushika rangi vizuri zaidi, kwa hiyo utaikuta kwenye mistari ya nakshi. Shogi ambalo ni sufu tupu hadi kitakoni litapendeza sebuleni, lakini miamba ya chokaa ya Hajar italila.

Siku hizi uzi wa kiwandani umeingia kila mahali, na kwa macho unadanganya. Muombe mwenye duka ruhusa ya kuchomoa kipande cha uzi penye ncha, ukichome kwa kiberiti. Manyoya halisi hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji mwenye bidhaa ya haki hatakunyima ruhusa hiyo, na wengine watakuwashia kiberiti wenyewe.

Kisha tazama usokotaji. Uzi mzuri ni nyuzi mbili zilizosokotwa mbalimbali, halafu zikasokotwa pamoja kwa mkono wa kinyume. Jaribu kuzitenganisha kwa ukucha. Ukucha ukipenya kwa urahisi, msokotaji alikuwa na haraka. Katika milima ya hapa kazi ya kusokota na kufuma manyoya ya mbuzi hufanywa na wanaume pia, wafugaji wa Shawawi, ambao husokota huku wakitembea nyuma ya mifugo. Jangwani kazi hiyo ni ya wanawake, kwenye mtambo uliolazwa chini mchangani. Uzi wa watu hawa haulingani unene kila mahali, na kasoro hiyo haina ubaya wowote. Kinachotafutwa ni kukaza.

Ufumaji wenyewe ni wa kubana mtande hadi mshindio usionekane kabisa. Linyanyue shogi dhidi ya mwanga wa mlango. Matobo mawili matatu ya mwanga karibu na ukingo yanasameheka. Ukiona mwanga umetapakaa katikati, au ukiuona mshindio ukichungulia kati ya nyuzi za mtande, kitambaa hicho kitanyooka kikipata uzito, na shogi linalonyooka hulegea upande mmoja kabla ya mwingine.

Sasa fika penye mgongo wa shogi, yaani lile pande la katikati linalolala juu ya mnyama. Hapa usiwe na haraka. Pitisha kiganja chako chote, polepole, kwenda na kurudi, upande wa chini. Hutakiwi kukuta fundo, mshono, wala kiraka. Mfumaji mwadilifu hufunga mafundo yake mahali ambapo kitambaa kitakunjwa kuwa mfuko. Asiyejali huyaacha popote uzi ulipomwishia. Pande hilo liwe pana kiasi cha kufunika tandiko na kuzidi kidogo kila upande, ili mifuko ining'inie kwenye mbavu na isibane uti wa mgongo. Mashogi mengi yanayouzwa kama mapambo yana mgongo mfupi mno, kwa sababu ukutani mgongo mrefu hauna kazi.

Muuzaji mmoja mzee, mzaliwa wa Unguja aliyerudi Oman miaka ya sabini, alinifundisha jambo moja ambalo nimelishika. Nilikuwa nimeinama nikikagua rangi, akaniambia, "Mwanangu, rangi itakungoja. Tia mkono kwenye pembe." Akaliingiza konde lake ndani ya mfuko, akalisukuma hadi pembe ya chini, akalizungusha kwa nguvu. Pembe hiyo ndiyo inayogonga mwamba punda anapopita njia nyembamba, na ndiyo inayokufa kwanza. Mshono wa pembeni uwe wa uzi mnene wa manyoya ya mbuzi, uliozungushwa ukingoni bila kuacha nafasi, na kwenye pembe uwe umerudiwa. Ukisikia mlio wa kukatika unapozungusha konde, rudisha shogi lilikotoka kwa adabu.

Mdomo wa mfuko hufungwa kwa vitanzi vinavyopitishwa kimoja ndani ya kingine, kama mnyororo, na kile cha mwisho kikafungwa kwa kamba. Vifungue vyote na uvifunge tena dukani, ukiwa umefumba macho. Usione haya. Saa tisa za usiku, kwenye baridi ya uwanda wa Sayq, uliopo yapata mita 2,000 juu ya bahari, ambako usiku wa kipupwe maji huganda, utavitafuta vitanzi hivyo na vidole vilivyokufa ganzi.

Kuhusu rangi nitasema kidogo, kwa sababu mapenzi ya watu ndipo yalipo na hapahitaji kuchochewa. Nyekundu ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mmea uitwao fua, bluu ilitoka kwenye nili iliyokuwa ikilimwa na kutumiwa hapa hapa Oman, nyeusi na kahawia ni rangi ya mbuzi mwenyewe. Lowesha kitambaa cheupe usugue. Kisha upanue uzi utazame kiini chake: rangi iliyokolea nje na kupauka ndani ni ya kuchovywa kwa haraka. Rangi ya dukani si dhambi. Rangi inayochuja ndiyo tabu, kwa sababu jasho la punda litaihamishia kwenye blanketi lako.

Usishangae ukiambiwa kwamba shogi ulilolipenda halikufumwa Oman. Matrah ni bandari, na Wabaluchi wamekuwa sehemu ya mji huu kwa vizazi. Gwadar yenyewe ilikuwa chini ya Sultani wa Muscat hadi ilipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958. Mashogi ya Kibaluchi yenye kauri ni kazi ya hali ya juu, na mengi yana ufumaji uliokaza kuliko wa hapa. Mimi hununua bila kuuliza kabila la shogi. Ila kauri nawaombeni mzikate kabla ya kupanda mlima. Hugongana, na mnyama wa mwituni husikia mbali. Hali kadhalika vishada vya fedha na njuga. Hivyo vina mahali pake, na mahali penyewe ni kwenye ardha, maonyesho ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2018, ambako wapanda farasi hukimbia sambamba wakiwa wameshikana mikono. Pale tandiko limekuja kutazamwa, na lipambwe hadi liwake.

Viriba vinahitaji tahadhari zaidi. Kiriba halisi ni ngozi nzima ya mbuzi, imevuliwa bila kupasuliwa tumboni, miguu ikafungwa, shingo ikawa mdomo. Kinachouzwa sokoni leo mara nyingi ni cha kutundika: ngozi imekauka kama ubao na ikikunjwa hupasuka. Kikunje mara moja tu, utajua. Kilicho hai hukunjika bila ufa, hunuka ngozi iliyoiva na mafuta kidogo bila uvundo. Kipulize, kifunge, kiweke shavuni usikilize penye miguu. Kikipita mtihani huo, kijaze maji ukining'inize usiku kucha nyumbani. Kitatoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Matone yanayofuatana ni habari nyingine. Na ujue maji ya siku za mwanzo yatakuwa na ladha ya ngozi, hivyo kijaze na kukimwaga mara kadhaa kabla ya safari. Ukiona yote hayo ni kazi, chukua madumu ya plastiki bila kuona aibu. Wachungaji wenyewe wameshahamia huko.

Kwa kamba sina mjadala. Kamba ya manyoya ya mbuzi kwa kila kinachogusa mwili wa punda. Kamba ya makumbi au ya nyuzi za mtende kwa mizigo ya juu. Naili ina nguvu, lakini fundo lake huteleza na ikikazwa hukata ngozi.

Vyako binafsi viwe vichache hadi vikutie wasiwasi. Shuka moja nzito ya sufu, nguo moja ya kubadili, kikoi, viatu vyenye soli ngumu ambavyo umekwisha kuvivaa, na kilemba kirefu cha pamba, ambacho kitakuwa skafu, taulo, chujio la maji na bandeji. Kisu cha kazi, chenye mpini wa mti. Jambia lenye fedha libaki nyumbani. Dele dogo la kahawa. Tende zilizoshindiliwa, aina ya fardh inafaa kuliko khalas kwa kuwa inavumilia njia ndefu bila kuchachuka, na ndiyo iliyokuwa ikivuka bahari hadi Marekani katika karne ya 19.

Ufungaji wenyewe ni kazi ya mizani. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo walikuwa wakibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, na mnyapara aliupima mtumba kabla ya kuukubali. Punda mzima usimpe zaidi ya kilo 50 kwa jumla, na kwenye mwinuko wa Hajar mpunguzie hapo. Wala punda wote si sawa. Katika vita vya Jabal Akhdar, huko huko Hajar, kabla ya shambulio lao la Januari 1959, Waingereza walileta punda kutoka Somalia, nao hawakufua dafu mbele ya punda wa mlima waliozaliwa kwenye ngazi za mawe za mlima huo.

Nunua mizani ndogo ya kutundika, ipo hapo hapo Matrah kwenye maduka ya vifaa vya wavuvi. Pima mfuko wa kulia, pima wa kushoto. Tofauti isawazishe kwa maji, kwani lita moja ni kilo moja na huhitaji hesabu nyingine. Na unapokunywa, kunywa kwa zamu kutoka kila upande. Vizito viende chini na ndani, karibu na mbavu, lakini kati ya kitu kigumu na mbavu pawe na blanketi au nguo kila mara. Dele liliwahi kumtoboa punda pale ambapo mdomo wake ulielekezwa ndani. Lielekeze nje, ulijaze kikoi. Dawa, kiberiti na tochi vikae juu kabisa, mfuko wa kushoto, siku zote wa kushoto.

Kisha mtembeze punda hatua mia kwenye mteremko na uende nyuma yake ukiwa kimya. Sikiliza. Bati likigonga bati, fungua. Maji yakicheza ndani ya dumu, lijaze hadi mdomoni au punguza hewa. Tazama mgongo wa shogi kutoka nyuma: ukiwa umehama hata upana wa vidole viwili kwenda upande mmoja, usimkaze punda mkanda, maana mkanda uliokazwa huficha kosa na kumnyima pumzi. Shusha kila kitu upime upya.

Bei nitakuachia mwenyewe, ila patana baada ya ukaguzi wote na si kabla, na ukishakubaliana mwombe muuzaji akutafutie donge dogo la uzi wa manyoya ya mbuzi wa rangi ile ile. Pembe ya chini itaanza kufumuka siku yoyote, hata ya shogi bora, na ukiwa na uzi na sindano ya mkeka utaizungushia mshono mpya jioni ile ile, punda akiwa anakula.