Kanuni Isiyoonekana: Uhakiki wa Mashindano ya Kila Mwezi ya Picha za Filamu na za Mbinu za Kale

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mashindano ya kirafiki ambamo wapigapicha wanaotumia filamu na mbinu za karne ya 19 hushindana kila mwezi kwa mada moja. Hoja yake ni kwamba udhaifu wa mashindano hayo hautokani na urafiki wa waamuzi, bali na kufichika kwa kanuni ya kazi inayoamuliwa. Kujibizana kwa washairi wa Kiswahili kunatumiwa kama kipimo.

Utangulizi
Muundo wa mashindano haya ni mwepesi. Mwezi unapoanza, mada hutangazwa: labda maji, mlango au mikono. Kila mshiriki hutoa picha moja iliyopigwa kwa filamu au kwa mbinu iliyoitangulia. Washiriki wenyewe hupiga kura, na mara nyingi mshindi hupewa heshima ya kutaja mada inayofuata. Fedha hazihusiki. Ni rahisi kwa mshauri wa sera kuyaona kama burudani ya wachache, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Maarifa ya mikono hayahifadhiwi na makavazi peke yake. Huhifadhiwa na watu wanaoyarudia, na mwezi ni kipindi kinachomlazimu mtu kurudia.

Muda na mada
Mwezi unawiana na kasi ya kazi. Mwenye filamu ya picha 36 huweza kuimaliza, kuisafisha na kuchagua. Mwenye kolodioni, mbinu iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, hupaka kioo dawa, hukichovya katika maji ya nitrati ya fedha, hupiga picha na kudhihirisha taswira kabla kioo hakijakauka. Yote hayo hufanyika kwa dakika chache, na huenda vioo kadhaa vikaharibika kabla kimoja hakijafaa.

Mada nayo hufanya kazi bora inapogombana na mbinu. Mada ya mwendo humtia majaribuni mtumiaji wa kolodioni, ambaye mara nyingi huhitaji sekunde kadhaa za mwanga: ama aukubali ukungu wa kitu kinachopita, ama autafute mwendo katika kitu kilichotulia. Mada ya uso ni mtihani mkubwa zaidi. Kolodioni huona mwanga wa buluu na karibu haioni wekundu. Kwa hiyo ngozi ya hudhurungi hutoka nyeusi zaidi kuliko ilivyo. Mpigapicha wa Afrika Mashariki anayeichagua leo hurithi pia upofu wake, na picha za Waafrika zilizopigwa kwa vioo hivyo katika karne ya 19 zinapaswa kusomwa kwa kuujua upofu huo. Kitabu hakifundishi jambo hili kwa nguvu sawa na kioo kilichobeba uso wa jirani.

Kanuni inayosikika na kanuni inayodaiwa
Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa tungo. Vina na mizani vilikuwa sheria ya wote. Aliyepungukiwa na mizani alifichuliwa na sikio la msikilizaji, hata kama hoja yake ilikuwa nzito. Kanuni ilisikika ndani ya kazi yenyewe.

Katika mashindano ya picha yanayoamuliwa kwenye skrini, kanuni hudaiwa tu. Sayanotipu, iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, ni chumvi za chuma zilizozama katika nyuzi za karatasi, zikageuzwa buluu kwa nuru ya jua na kuoshwa kwa maji. Kwenye skrini hubaki buluu tu, na programu ya kompyuta huitoa buluu hiyo papo hapo. Mpiga kura hujikuta ama akituza taswira nzuri bila kujali mbinu, ama akituza mbinu ngumu kwa huruma. Yote mawili yanaidhulumu kazi. La kwanza huifanya filamu kuwa tiketi ya kuingilia mlangoni. La pili huyafanya madoa na mikwaruzo kuwa ushahidi wa uhalisi, na kumshawishi mshiriki kuyatengeneza kwa makusudi.

Inaweza kupingwa kwamba skrini ndiyo inayowakutanisha mtu wa Bujumbura na mtu wa Mombasa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimalizi mjadala. Wapigapicha wa London waliobadilishana nakala za karatasi katika miaka ya 1850 waliishika mikononi kazi ya wenzao. Pale karatasi isipoweza kusafiri, maelezo yanaweza: karatasi gani, dawa gani, mwanga kwa muda gani, kioo cha ngapi kilichofaulu.

Hapa lugha inahusika moja kwa moja. Studio za mitaani zimerithisha neno kusafisha, linalobeba kudhihirisha taswira, kuikaza isiharibiwe na mwanga na hata kuichapa kwenye karatasi. Kwa mteja, neno hilo lilitosha. Kwa mwamuzi halitoshi, kwa kuwa kila hatua ina kosa lake na ustadi wake. Washiriki wanaowajibika kueleza hatua zao kila mwezi wangezalisha istilahi zilizopimwa na matumizi, si orodha zilizotungwa mezani.

Hitimisho
Taasisi inayofikiria kuyafadhili mashindano ya namna hii haina haja ya kuleta zawadi kubwa, ambayo ingeufukuza urafiki. Inatosha kudai mada zinazoisumbua mbinu, maelezo ya Kiswahili yanayosomwa kabla ya kura, na maonyesho ya picha halisi ukutani angalau mara moja kwa mwaka. Faida yake inavuka mipaka ya mashindano. Makusanyo ya studio za pwani, kama Capital Art Studio iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1930, yatahitaji watu wanaoweza kutofautisha doa la dawa na doa la unyevu.