Pongezi kwa Wabana Shingo za Maganda

Mwaka 1906 jeshi la Marekani lilipokea risasi ya .30-06, na mafundi wa huko hawakuchelewa kuliona ganda lake kuwa malighafi. Walilipaka mafuta, wakalisukuma ndani ya kalibu ya chuma, shingo ikanywea kufikia kaliba ndogo. Karibu mwaka 1920 fundi A. O. Niedner alipata hivyo .25-06, ambayo kampuni ya Remington ilikuja kuiingiza kiwandani mwaka 1969. Karibu nusu karne! Hapo kiwanda ndicho kilichokuwa mwanafunzi.

Ninachowavulia kofia hasa ni subira. Shaba ya njano ikibanwabanwa hukakamaa, na ikikakamaa hupasuka. Kwa hiyo shingo hupashwa moto ilainike, huku kitako kikilindwa kibaki kigumu. Tena shaba haipotei: shingo ikipungua upana, ukuta wake hunenepa. Fundi hupima kwa mikromita, hukata urefu uliozidi, hukwangua unene. Akipuuza, risasi hubanwa ndani ya chemba, shinikizo hupanda, na bunduki yaweza kumpasukia usoni. Wasio na subira wanunue dukani.

Ganda likishageuzwa, fundi makini hulitenga na kuliwekea alama mpya, maana muhuri wa kitakoni bado unataja kaliba ya zamani.