Mkono wa Mwokaji kwenye Shairi na kwenye Kanvasi

Siku hizi kila anayepamba keki huitwa msanii, na kila anayesifia andazi husema limepikwa kama shairi. Hayo ni maneno ya sherehe na hayana ubaya, ila hayamsaidii mtu anayetaka kujua kazi ilifanyikaje. Fundi ana swali lake. Jiko, kalamu na brashi vikikaa katika maisha ya mtu mmoja, au katika kazi moja, ni kitu gani hasa kinachotoka jikoni kikaingia kwenye ubeti au kwenye picha? Keki yenyewe haivuki. Kinachovuka, kwa ninavyoona, ni mwendo wa mkono: nini kinatangulia, nini kinasubiri, wapi unakaza na wapi unaachia. Pasipo na mwendo huo tunabaki na sifa za chakula tu, na sifa za chakula hata mlaji anaziweza.

Tuanze na shairi. Paris ya karne ya 17 ilikuwa na mwokaji aitwaye Cyprien Ragueneau, mwenye duka mtaa wa Saint-Honoré, aliyewapenda washairi na watu wa maigizo kuliko alivyolipenda daftari la madeni. Alifilisika, akafuatana na wasanii wa jukwaani, akafia Lyon mwaka 1654. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye Edmond Rostand alimwingiza kwenye tamthilia yake ya Cyrano de Bergerac, iliyopanda jukwaani Paris kwa mara ya kwanza tarehe 28 Desemba 1897. Katika tendo la pili, Ragueneau anawasomea washairi wenye njaa shairi alilolitunga mwenyewe, nalo ni maelekezo ya kuoka vikeki vidogo vya lozi. Yeye anasoma, wao wanatafuna. Watazamaji hucheka, na wachambuzi wengi huishia kwenye kicheko hicho. Mimi nalitazama shairi lenyewe, kwa sababu limeundwa kwa ustadi kuliko linavyojionyesha.

Karibu tamthilia nzima inakwenda kwa mishororo ya mizani 12. Maelekezo ya vikeki yanauvunja mwendo huo. Ni beti 3 za mishororo 6, jumla mishororo 18, na mizani zake ni 7, 3, 7, kisha 7, 3, 7. Mshororo wa kwanza na wa pili inafuatana kwa kina, wa nne na wa tano vivyo hivyo, na wa tatu unasubiri mwenzake hadi wa sita. Umbo hili ni la zamani. Washairi wa Ufaransa wa karne ya 16, akina Ronsard na Rémy Belleau, walilitumia. Kwa hiyo Rostand amemvalisha mwokaji wake nguo iliyopitwa na wakati kidogo, kama inavyomfaa mtu wa dukani anayeiga wakubwa.

Mpangilio wa kazi ni wa jikoni kabisa. Ubeti wa kwanza ni wa mchanganyiko: mayai yanapigwa hadi yatoe povu, yanatiwa maji ya balungi, kisha maziwa ya lozi. Ubeti wa pili ni wa unga uliokandwa: unatandazwa kwenye vyombo vidogo vya kuokea, na kingo zinapakwa jamu ya aprikoti kwa kidole. Wa tatu ni wa oveni. Vitenzi vinaamrisha, kimoja baada ya kingine, wala mshairi hasimami katikati kusifia harufu. Ndivyo anavyosema mpishi anapomwelekeza kijana wa kazi.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni namna anavyomimina. Katika shairi hili mna kumimina mara mbili. Mara ya kwanza, maziwa yanapoingia kwenye povu, amri yenyewe imepewa mshororo mfupi wa mizani 3 peke yake: umeinua chombo, umemimina. Mara ya pili ni tofauti, maana sasa povu linaingia kwenye vikombe vya unga tone kwa tone, na mwokaji yeyote anajua kwamba hapo ukiharakisha povu linashuka. Rostand ameiweka amri hiyo kwenye mshororo wa mwisho wa ubeti wa pili, halafu kitu kinachomiminwa akakitaja kwenye ubeti wa tatu. Sentensi inavuka mpaka wa ubeti. Msomaji anabaki amesimamisha sauti juu ya nafasi tupu, jagi mkononi, kabla tone halijaanguka. Wenye kufundisha ushairi wetu huiita mishororo ya namna hiyo mishata, na mara nyingi huiwekea alama ya kasoro. Hapa mshata ndio kazi yenyewe.

Lakini jaribu kuoka kwa shairi hilo. Idadi ya mayai haikutajwa. Uzito wa unga haupo, muda wa oveni haupo, na joto ndiyo kabisa. Anayeweza kulitumia ni mtu ambaye tayari anajua kuoka na anataka kukumbushwa mfuatano. Sioni hilo kuwa upungufu wa Rostand. Ni gharama ya vina na mizani, na mtu anayetaka kuipima gharama hiyo ajaribu kwa kipimo cha utenzi wetu, mizani 8 kila mshororo, akipika vitumbua:

Mchele tia majini,
usage asubuhini,
hamira na tui ndani,
ufunike uumuke.

Mizani 32 zimekwisha, na sukari haijaingia, iliki haijaingia, chuma hakijapata moto. Zaidi ya hapo, usiku mzima wa kuloweka umepewa mizani 8, sawasawa na kusaga kwa dakika chache. Utenzi una mwendo wa kutembea safari ndefu, na kwa masimulizi hauna mpinzani, ila kwa kazi yenye vitendo vya haraka na vya polepole unavisawazisha vyote. Ile mishororo ya mizani 3 ilimpa Rostand mahali pa kukaza na kuachia. Anayetaka kuoka kwa mashairi ya Kiswahili angefanya vizuri kutafuta bahari yenye vipande visivyolingana, na tunazo. Shairi lenye kituo kifupi lingemfaa.

Kuna kejeli nyingine ndani ya tamthilia hiyo ambayo ni ya kiufundi pia. Mke wa Ragueneau anayachukua mashairi ambayo washairi hulipia vitafunio na kuyakunja yawe mifuko ya kufungia bidhaa. Hapo ushairi umeingia dukani kweli, lakini kama karatasi. Kubadilishana kwa namna hiyo, keki kwa ubeti, hakufundishi mkono chochote, na kwa upande wa duka ni hasara tupu.

Tukija kwenye mchoro, kwa mwokaji Antonin Carême, aliyefariki Paris mwaka 1833, mambo yalikwenda vingine. Akiwa kijana katika duka la mwokaji Bailly, mtaa wa Vivienne, aliruhusiwa kwenda maktaba kunakili michoro ya majengo. Mwaka 1815 alitoa vitabu viwili vya uokaji, na kimoja, Le Pâtissier pittoresque, kimejaa michoro ya mabanda, minara na magofu ya kujengwa kwa sukari mezani. Husimuliwa kwamba aliwahi kuuhesabu uokaji kuwa tawi kuu la usanifu majengo, akauacha uchoraji na ushairi usimame kando. Watu huinukuu kauli hiyo kama majigambo. Mimi naiona ni taarifa ya kazi. Sukari laini ikikandwa na gundi ya mti na maji kidogo hutoa unga mweupe unaosukumwa ukawa bapa, ukakatwa, ukakauka mgumu kama kigae. Ukishakauka haukunjiki tena. Kwa hiyo kila ukuta na kila nguzo lazima vikatwe kwa kipimo kabla ya kukauka, vilazwe, vigeuzwe ili upande mmoja usitangulie kukauka na kuvipinda, kisha ndipo viunganishwe. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila mchoro wa kila upande. Carême alihitaji penseli kama seremala anavyoihitaji, na ndiyo sababu kuchora kwake na kuoka kwake havikugombana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumtaja Claude Lorrain, mchoraji mkubwa wa mandhari aliyefariki Roma mwaka 1682, ambaye Sandrart, mchoraji mwenzake aliyemfahamu, aliandika kwamba alianza maisha kama mwanafunzi wa uokaji. Habari hiyo ni tamu. Ila ukiyatazama mawingu yake ukasema unaona krimu, unajitungia hadithi. Kwenye picha zake mwanga unapita katika tabaka nyembamba za rangi, na hakuna alama ya mkono wa mwokaji inayoonekana humo.

Mkono huo unaonekana kwa mchoraji Wayne Thiebaud, na ajabu yake ni kwamba hakuwa mwokaji. Alizaliwa Mesa, Arizona, mwaka 1920, akakulia Long Beach, California, ambako akiwa kijana alifanya kazi kwenye mkahawa wa ufukweni. Baadaye alichora vibonzo, mabango ya maduka na matangazo, kisha akawa mwalimu wa sanaa, na tangu 1960 alifundisha Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1961 alianza kuchora pai na keki kwa safu, na mwaka 1962 Allan Stone alizionyesha kwenye jumba lake la sanaa New York. Aliishi hadi miaka 101. Picha yake iitwayo Cakes ya mwaka 1963, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington, ina keki 13 kwenye kanvasi ya sentimita 152 kwa 183 hivi.

Ukiisogelea, unaona rangi haikutumika kuiga krimu kwa mbali tu. Imepakwa kama krimu inavyopakwa. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta. Krimu ya keki ni sukari iliyosagwa na siagi. Vyote viwili vina tabia moja muhimu: vikisukumwa vinateleza, vikiachwa vinasimama palepale na alama yake. Thiebaud aliitumia tabia hiyo bila aibu. Juu ya keki brashi iliyojaa inazunguka kufuata duara, ubavuni inafuata mwili wa keki, na penye pambo rangi imerundikwa ikasimama. Mwelekeo wa mpako ndio unaokuambia hapa ni juu na pale ni ubavu, kabla kivuli hakijasema lolote.

Mpambaji wa keki wa Dar es Salaam ataona tofauti mara moja. Yeye anazungusha keki kwenye meza yake ya mviringo na kisu kinabaki kimetulia. Kanvasi haizunguki, kwa hiyo ni mkono unaozunguka, tena duara likitazamwa kwa mshazari linakuwa yai lililolala, na mpako wa upande wa nyuma lazima uwe mfupi kuliko wa mbele. Mpambaji pia hupitisha kisu mara ya mwisho kufuta alama zote. Mchoraji huyu aliziacha. Na kuna suala la muda. Siagi kwenye joto la pwani inalegea upesi, ndiyo maana wengi huichanganya na mafuta magumu ya mboga. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kuvuta oksijeni, juu kwanza na ndani polepole sana, kwa hiyo mahali penye rundo hubaki laini siku nyingi. Hapo wote wawili wana hofu moja: ukikandamiza mpako wa pili kabla wa kwanza haujashika, mpambaji anavuta makombo ya keki na mchoraji anavuta rangi ya chini, na cheupe kinachafuka.

Kingo ndizo zilizomtoa jikoni. Ukingoni mwa keki na sahani Thiebaud aliacha mistari myembamba ya rangi kadhaa, ya joto na ya baridi zikikaa jirani, na vivuli vyake vingi ni vya buluu badala ya kijivu. Jicho likikutana na rangi mbili zinazopingana kwenye mstari mmoja halitulii, na keki inaonekana kuwaka kidogo mbele ya ukuta mweupe. Hilo hakulitoa kwenye uokaji. Linafanana zaidi na kazi ya mchora mabango anayejua kitu kitaonekanaje chini ya taa kali za duka. Keki zenyewe alizichora kwa kumbukumbu, bila kuziweka mbele yake, na labda ndiyo sababu zimebaki maumbo matupu ya duara na pembetatu yaliyopambwa, huku mkono ukishughulika na mpako.

Anayeitazama picha hii kwenye simu hupata rangi na mpangilio, lakini mpako haupati. Atafute picha za karibu zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni, ambamo matuta ya rangi yanatupa vivuli vyao wenyewe juu ya vivuli vilivyochorwa, na hapo ataweza kufuata brashi ilipoanzia mzunguko na ilipoinuliwa.